Mwanafunzi wa Kazi Arobaini na Mbili

Mama Swichi jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya ubao wa swichi za simu wa shirika moja, akiunganisha sauti za watu asiowajua hata sura. Kazi ile ilimwachia vitu viwili: mgongo mbovu na udadisi usio na dawa. Alipostaafu, wanawe walitegemea atatulia nyumbani. Wapi! Hata miezi miwili haikuisha, akawa ameshajipachika kwenye kituo cha elimu ya watu wazima, kuwasaidia wanafunzi kutumia kompyuta na tovuti ya darasa lao.

Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta saba, feni moja iliyopepea upande wa dirishani tu, na wanafunzi wanane. Hesabu haikukaa sawa, kwa hiyo kila siku kulikuwa na mmoja aliyebanana na mwenzake kwenye benchi. Walimu wa masomo walikaa makao makuu, mbali. Kazi zilitumwa kwa tovuti, na alama zikarudi kwa tovuti. Sharti lilikuwa moja: ambaye kazi zake zote sita hazitakuwa zimefika kufikia Ijumaa ya wiki ya mwisho saa sita mchana, mtihani ataungoja mwaka mwingine.

Wanafunzi walimwita Mwalimu, ingawa hakuwa mwalimu. Kilichomleta pale kila siku na mgongo wake ule kilikuwa maswali. Dereva wa lori aliuliza intaneti inalala saa ngapi. Fundi cherehani alitaka kujua kama ukifuta neno hapa, huko linakokwenda linabaki na kovu. Mwashi, mtu wa miraba minne mwenye vidole vilivyobonyeza herufi mbili kwa mpigo, alilalamika: "Mwalimu, jana si nilikuja? Mbona leo linaniuliza tena neno la siri kama vile halinijui?" Mama Swichi hakucheka. Aliyaandika maswali hayo kwenye daftari akaenda kuyatafuna nyumbani, maana mengine hata yeye majibu yake hakuwa nayo.

Mmoja tu ndiye hakuuliza kitu. Huyo walimwita Dada Funguo, kwa sababu ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba. Alikuwa mfanya usafi wa hospitali. Zamu yake iliisha saa nane na darasa lilianza saa tisa, basi alifika kabla ya wote. Alikuwa anatafuta cheti ili aajiriwe kuwa msaidizi wa wauguzi. Hospitali ilishamwambia waziwazi kwamba nafasi hiyo itamngoja mpaka matokeo ya mtihani huu, si zaidi. Alikaa kwenye benchi pembeni ya mwashi, mpole, daftari mapajani. Mama Swichi alimhesabu katika wale wasio na shida.

Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho, orodha ya kazi zilizofika ikaja kutoka makao makuu. Wanafunzi saba walikuwa na sifuri. Dada Funguo alikuwa na kazi arobaini na mbili.

Mama Swichi aliisoma mara tatu, macho yamemtoka. Mtu mwingine angepiga simu kugomba. Yeye, udadisi ukamshika mkono, akafungua zile kazi moja baada ya nyingine. Kila kazi ilikuwa imejibiwa mara saba, na kila mara na mtu tofauti kabisa. Kazi ya pili ilikuwa insha kuhusu siku moja ya maisha yako. Kwa mujibu wa tovuti, Dada Funguo aliamka alfajiri akawasha lori, akakoroga saruji, akashona sare za shule, akauza mitumba, akalinda geti la benki, akakaanga chapati na akasuka nywele za wateja wanne, yote kwa siku moja.

"Kumbe tuna mchapakazi humu," alisema, akageuka. "Dada, hebu njoo unieleze."

Dada Funguo alieleza bila wasiwasi wowote. "Nilikuwa nawafungulia, Mwalimu. Niliwaona wanavyohangaika na yale maneno ya siri. Huyu kaka alikuwa karibu kuipiga mashine ngumi. Basi nikija naziwasha zote, naingiza neno langu kote, wakifika wanakuta kumeshakuwa tayari."

"Na nyinyi hamkuona jina lake pale juu?"

"Tuliliona," alisema fundi cherehani. "Si ndiye aliyefungua? Tukajua ndiye wa zamu."

Wakacheka, na Mama Swichi alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Alimpigia simu msimamizi wa tovuti, ambaye naye alicheka kwanza, kisha akasema jambo hilo linarekebishika. Kila mmoja aje kwenye simu aeleze alichoandika, naye atamhamishia kazi zake kwenye jina lake. Wakapanga foleni. Mama Swichi aliweka alama kwenye karatasi: sita za dereva, sita za mwashi, sita za fundi. Alipofika mtu wa saba, kazi zikawa zimeisha.

Alirudia hesabu. Akarudi kwenye zile insha za siku moja, akazipitia zote saba akitafuta ndoo, korido, wodi. Hakuna.

"Dada," alisema polepole, "wewe kazi zako ulizitumaje?"

"Kama wengine." Dada Funguo alifungua daftari lake. Kazi zote sita zilikuwamo, zimeandikwa kwa kalamu, mwandiko safi wa mtu aliyerudia mara mbili. "Huyu kaka akimaliza kuandika, mimi nalifungua mbele ya lile jicho hapo juu." Alionyesha kamera ndogo juu ya kioo cha kompyuta. " Ukurasa kwa ukurasa. Siharakishi. Halafu wananiandikia kwa kijani: kazi yako imepokelewa."

Mwashi alishika kichwa. Yale maandishi ya kijani yalikuwa ya kazi yake, aliyoituma dakika ileile. "Mungu wangu. Mimi nilidhani unajipepea."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Swichi aliona aibu, aibu ya kweli ya kupasha masikio moto. Miezi yote hiyo alikuwa anakimbilia kwenye maswali yanayomfurahisha, na huyu asiyeuliza yeye alimpita kama mtu apitaye kiti. Alimwambia hivyo hivyo, mbele ya wote: "Nimekosa mimi. Nisamehe."

Dada Funguo alikuwa anautazama ukurasa wake. Chini ya jina lake paliandikwa wastani wa zile kazi zote: themanini na nne kwa mia.

"Binti yangu anawatangazia watu," alisema. "Mama ana themanini na nne."

Alhamisi msimamizi alizihamisha zile kazi, lakini mwenye ukurasa ilibidi abonyeze mwenyewe kukubali. Dada Funguo, ameinama kwenye mashine ya mwashi, alibonyeza mara arobaini na mbili. Kila alipobonyeza, kazi zake zilipungua, na za wenzake zikaongezeka kwenye mashine zao, na hakuna aliyethubutu kufurahi. Mwisho ikabaki sifuri.

"Nikae wapi?" aliuliza.

Watu saba walisimama kwa pamoja.

Alichapa kwa kidole kimoja. Mwashi alijitolea amsaidie, dereva naye, fundi akasema vidole vyake ni vyepesi. Mama Swichi akawafukuza kwenye kibodi, "Mikono mifukoni!" Hata yeye mwenyewe alikalia ya kwake. Kufikia jioni zilikuwa zimekwenda kazi tatu. Ijumaa Dada Funguo alibadilishana zamu na mwenzake, akafika saa mbili asubuhi, na fundi cherehani akawa anamsomea daftari sentensi kwa sentensi huku roho iko juu kuliko ya mwenyewe. Ya nne ikaenda. Ya tano ikakwama, mtandao ukasuasua dakika ishirini, na dereva akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama. Ya sita ilifika saa tano na dakika hamsini na moja.

Kabla hawajamaliza kupeana mikono, alama ya kazi ya kwanza ikarudi. Mama Swichi aliiona kabla ya mwenyewe, akatafuta la kusema la kumpoza.

"Hamsini na nane," alisoma Dada Funguo.

"Ya kufaulu ni hamsini," alisema Mama Swichi haraka. "Na zingine bado hazijasahihishwa, usivunjike moyo, mwanangu."

Lakini Dada Funguo alikuwa ameshatoa simu mfukoni na kumpigia binti yake. "Ile themanini na nne iache," alimwambia. "Haikuwa yangu. Sasa nina hamsini na nane. Waambie wote."