Waya Mpya za Spika

Kaka yangu anayeishi Ulaya aliniletea waya nene za spika. Alishikilia kwamba zile nyembamba nilizonunua Kismayo zinakula sauti. Nikazifunga siku hiyo hiyo, nikaweka kanda ya marehemu mama akiimba harusini kisiwani kwetu Chula, kabla vita havijatutawanya. Ule mchakacho ulionikera siku zote nyuma ya sauti yake, kama mvua ya mbali, ulikuwa pale pale.

Kwa wiki kadhaa sikutulia. Nilirudisha waya za zamani, nikafunga tena mpya, nikasugua shaba iliyoanza kuota kijani kwa hewa ya chumvi. Mwishowe nikapaka ncha zake sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua zisioze. Nyumba nzima ikanuka. Mke wangu akageukia ukuta, akaniambia nibadilishe waya yeye atambue zipi ni mpya. Hakutambua. Zamu yangu ilipofika, nami sikutambua.

Mama mkubwa, dada yake mama, akaingia akilalamikia harufu, kisha akatega sikio kwenye kanda.

“Wahangaika nini, mwanangu? Huo mchakacho ni mafuta yakichemka. Mamako aliimba huku akikaanga mahamri ya harusi.”

Kumbe siku zote hizo nilikuwa nikipigana na karai la mama.