Kizimba Kilichogoma Kupanda

Miaka kumi na mmoja Keolebogile Moatshe aliendesha winchi ya Shimo la Tatu, inayopandisha na kushusha kizimba cha kubeba wachimbaji, kwenye mgodi mmoja wa platini nje ya Rustenburg. Wachimbaji walikuwa wakisema, ukipandishwa na Mma Keo, yaani Mama Keo, hata chai haimwagiki kikombeni. Mwenyewe hakuwaona. Alikaa peke yake juu, mkono kwenye wenzo, akisikiliza kengele kutoka chini: moja pandisha, mbili shusha.

Kisha mwenzake wa zamu akaacha kazi, na hakuajiriwa mwingine. Saa nane za kazi zikawa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Msimamizi wake, Rra, yaani Bwana, Segwagwa, alimpigia simu karibu kila safari: "Sekunde, Mma! Unanilia sekunde zangu!"

Chakula kikaanza kumkaba kooni. Nywele zikatoka na kitana. Halafu kengele zikamfuata nyumbani. Jumapili moja alikuwa akisonga ugali wa mtama, akasimama ghafla, mwiko hewani.

"Gaone, umesikia?"

"Nisikie nini, Mama?" binti yake akauliza.

"Kengele. Imelia moja."

Gaone akacheka. "Hata kanisani hawajaanza, Mama." Alipomtazama mamake usoni, kicheko kikamwishia.

Keolebogile hakumwambia mtu kazini. Mwendesha winchi anayesikia kengele zisizokuwepo, nani atampa roho za watu?

Jumatano ile, saa nane mchana, zamu ya asubuhi ilikuwa inatoka. Watu arobaini walikuwa wakiingia kizimbani, mita mia tisa chini ya miguu yake. Kengele ikalia. Moja. Mkono ukaanza kuvuta wenzo, ukaganda.

Imelia kule chini, au kichwani mwangu?

Kama ni kichwani, basi kuna mtu sasa hivi ana mguu mmoja ndani na mwingine nje. Akarudisha wenzo, akafunga breki.

Simu ikalia.

"Mma, kizimba kimelala?"

"Waambie wapige tena, Rra."

"Wamepiga! Nimesikia mwenyewe!"

"Wewe umesikia. Mimi sina hakika."

"Huna hakika na nini, umeanza kazi jana? Vuta!"

"Sivuti." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikurudi nyuma. "Masikio yangu hayafai leo. Lete mtu mwingine."

Segwagwa akatukana. Akatishia kumfukuza. Akabembeleza. Keolebogile akaweka simu mezani, maneno yakaendelea kumwagika peke yake.

Ilichukua karibu saa nzima kumleta mwendeshaji wa Shimo la Kwanza. Watu walitoka wameiva kwa joto na hasira. Mzee Ntsimane, ambaye ndiye hupiga kengele kule chini, alimfuata Keolebogile hadi mlangoni pa chumba cha winchi.

"Mma, umetuoka kama viazi! Kengele nimepiga kwa mkono huu!"

"Najua sasa, Rra. Pale sikujua." Akamgeukia. "Ungetaka nivute bila kujua?"

Mzee akavua kofia yake ya kazi.

"Hapana," akasema. "Nenda nyumbani, Mma. Unaumwa."

Muuguzi wa zahanati alimpima presha mara mbili, akidhani mashine ni mbovu. "Umefika hapa kwa miguu yako?" akauliza, kisha akamwandikia wiki tatu za kupumzika. Kampuni nayo ikamwandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Ntsimane na wenzake walipoisikia barua hiyo walikataa kushuka mpaka zamu iwe na waendeshaji wawili. Siku mbili winchi ilisimama, ya tatu mtu akaajiriwa.

Keolebogile hakurudi kwenye wenzo. Aliomba kazi ya kugawa taa za wachimbaji, yenye mshahara mdogo, na Gaone alinuna mwezi mzima kwa ajili ya ada ya chuo. Segwagwa hupita dirishani pake bila salamu. Kengele za kichwani zilikoma wakati fulani majira ya baridi. Hakumbuki ni siku gani.