Rezista ya Inkubeta ya Mama Nyokabi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bado msichana wa karakana mjini, Mama Nyokabi alitupigia simu kutoka mtaa wa Kitisuru. Feni ya inkubeta, ile mashine ya kuangulia mayai tuliyomtengenezea, ilikuwa inajaribu kuzunguka, inazima, inajaribu tena. Joto lilirundikana kona moja, na mayai yake ya kienyeji yalikuwa karibu kuanguliwa.

Mzee Kamau, mwenye karakana, alitupakia kwenye gari lake, mimi na fundi mwenzangu Otieno. Tukabishana njia nzima. Ndani ya inkubeta mlikuwa na chipu ndogo inayopeleka umeme kwa feni na kuubana ukizidi. Rezista, kijipande cha kuzuia umeme kilicho kando yake, ndiyo huipangia mpaka wa umeme wa kupitisha. Kwa chipu ile, rezista kubwa hushusha mpaka, ndogo huupandisha, nasi tuliona ule tuliouweka awali uko chini mno.

"Tuweke ndogo kabisa," Otieno akasema. "Feni ipate umeme ishibe."

"Na waya ukiungua?" nikamjibu. "Tupandishe kidogo tu."

"Kidogo itakataa tena, Wambui. Wewe ni muoga!"

"Na wewe ni mharibifu!"

Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia. Siku hiyo yangeumia mayai. Tulipofika mtaa wa Spring Valley, Mzee akapunguza mwendo, akacheka.

"Otieno ameuliza feni. Wambui ameuliza waya. Nani ameuliza vyote viwili?"

Tukaanza kupanga la kupima.

Kufika Kitisuru tukatoa mita ya kupimia umeme, tukapima. Feni ikianza ilivuta ampea moja, ingawa ikishika mwendo ilitosheka na nusu. Waya ulivumilia ampea mbili.

"Na chipu si malaika," Mzee akatukumbusha. "Mpaka wake hucheza juu kidogo na chini kidogo."

Basi tukachagua rezista ya kutupa ampea moja na nusu: mpaka ukishuka, feni bado inaanza, ukipanda, waya bado uko salama. Otieno akanimulikia, mimi nikachomelea. Feni ikanguruma bila kusita. Mama Nyokabi akapiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Vifaranga walipoanguliwa alituita tuwaone. Hapo, katikati ya ile milio yao, Otieno akaniuliza kama naweza kubishana naye maisha yote. Nikamwambia nitajaribu. Ndiye mume wangu huyo, anayekoroma chumba cha pili.

Mwanangu, ukipewa kazi ya kuweka mpaka, uwe wa umeme, wa mtoto au wa ndoa, usiuweke kwa woga wala kwa tamaa. Uliza jambo linahitaji nini ili lianze, maana mwanzo wa kila kitu hula nguvu zaidi. Uliza pia mbebaji anavumilia kiasi gani. Kisha acha nafasi pande zote mbili, kwani hakuna kipimo kisichoyumba. Na mkibishana, pimeni kabla ya kutukanana. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mungu akupe mkono mtulivu, na mwenzi wa kukuuliza lile ulilolisahau.