Ngozi Niliyoipeleka Anderlecht

Asubuhi ile nilipanda metro Auderghem, hapa Brussels, nikiwa na mfuko mkubwa wa plastiki, ule wa zipu, na ndani yake kichwa cha mbuzi, shingo yake na ngozi yake. Nilikuwa nimevifunga kwa koti langu la mvua ili damu isivuje. Nilikaa karibu na mlango. Sikujificha.

Mbuzi huyo hakuwa wangu. Alikuwa wa mzee mmoja wa Masisi, kwetu Kongo, anayeishi Anderlecht, kwenye majengo ya serikali, ambaye sote tunamwita papa. Alipostaafu kazi ya bohari aliomba kipande cha ardhi kando ya msitu wa Soignes, akapewa kwa sharti kwamba mbuzi wake watakula michongoma iliyomshinda mwenye ardhi. Mchungaji nilikuwa mimi, mwanamke aliyeacha shule kabla ya kumaliza msingi. Tangu niache shule nimefua mashuka ya hoteli, nimechuma pea, nimeuza nguo kwenye soko la Jumapili pale stesheni ya Gare du Midi, na nimeishi katika miji ambayo majina yake niliyajua vizuri baada ya kuihama. Hakuna kazi iliyonishika kama ile ya mbuzi. Kila siku kulikuwa na jambo la kujiuliza: kwa nini wanabandua ganda la mti huu na kuuacha ule? Kwa nini jike mweupe anafuatwa na wote, hata beberu?

Siku hiyo nilimkuta jike mweupe amelala nje ya ua, koo limetobolewa, tumbo wazi, paja moja limeliwa. Wenzake walikuwa wamesongamana konani, hawalii. Kwenye matope nyayo zilikwenda moja kwa moja kuelekea msituni, kama za mtu anayejua safari yake.

Katika nchi hii mbwa mwitu, loup kama tunavyomwita sisi wa Kifaransa, alipotea zamani na sasa amerudi. Anakula kondoo huko mashariki. Wafugaji wanataka ruhusa ya kumpiga risasi, wengine wanataka alindwe, na ugomvi wao huletwa hapa Brussels kwenye ofisi za Ulaya. Lakini mbwa mwitu mwenyewe kuja mpaka Brussels, hilo sikuwa nimelisikia.

Kwa baba yangu, kule Kivu, kulikuwa na sheria. Mnyama wa mtu akiliwa na chui, mchungaji huchukua kichwa na ngozi akampelekea mwenyewe kwa mkono wake, na hatii kitu kinywani mpaka mwenye mali ameona. Hata maji. Anayekuja mikono mitupu na kusema chui amekula, huyo ameuza mbuzi sokoni. Habari ya namna hiyo haisemwi kwa simu. Kwa hiyo nilitoa kisu, nikachuna, nikafunika mabaki kwa turubai, nikaenda.

Kwenye kituo kilicho chini ya ofisi za Ulaya waliingia watu wawili wakigombana. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye buti za mpira na kengele ya ng'ombe shingoni, mwingine msichana aliyevaa fulana yenye picha ya mbwa mwitu. Juu yao, barabarani, matrekta ya wakulima walioandamana yalikuwa yanapiga honi tangu alfajiri.

"Wewe hujafuga hata kuku," mwanamume alisema.

"Na wewe ua wako hujaufunga hata siku moja."

Kisha mwanamume akanusa. Mkulima anajua harufu ya damu. "Una nini humo, mama?"

"Mbuzi. Ameliwa usiku."

Wote wawili wakaniangalia kama mtu aliyeokota kitu walichopoteza. Mwanamume akanishika kiwiko. "Teremka na mimi. Turudi kwenye matrekta, kuna kamera za televisheni. Wafungulie mfuko huu waone."

Msichana akainama kwangu. "Ua wako ulikuwa na umeme?"

"Ulikuwa na waya."

"Waya tu?" Alisema kwa sauti ya nesi anayemuuliza mgonjwa kama kweli alimeza dawa.

"Mbuzi huyu ana mwenyewe," niliwaambia, "na mwenyewe hajamwona bado. Sasa ninyi mtamwonaje kwanza?"

Mwanamume aliniachia kiwiko. Waliteremka vituo viwili mbele, bado wanabishana, na kengele ikilia kila alipopandisha sauti.

Niliendelea kubishana nao peke yangu mpaka Anderlecht. Huyo msichana alinikumbusha wageni waliokuja kuchora mpaka wa hifadhi karibu na kwetu, mpaka uliomeza shamba la bibi yangu. Walijua jina la kila ndege. Jina la bibi hawakuuliza. Na yule mwanamume je? Chui wa kwetu waliuawa mpaka wakaisha, na mbuzi wetu hawakuacha kupungua, maana walikuja watu wenye bunduki. Chui alikula mbuzi mmoja akaenda zake. Hakuwahi kurudi asubuhi kudai na jogoo.

Mlango ulifunguliwa na binti wa papa, akiwa na sare yake ya kuhudumia wazee.

"Yaya," alisema, maana ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, "ile yenye inanuka ni nini?"

"Niko natafuta papa."

Nilipofungua mfuko na kueleza, alicheka. "Loup ku Bruxelles? Alipanda métro gani, ile ya namba cinq?"

"Ya cinq nilipanda mimi. Yeye alikuya na miguu."

"Bon. Papa, sikia. Kuko ndoa ku kanisa samedi, na mbuzi inakufa jeudi. Donc loup alikuwa na programme." Alikuwa anasema kwamba mbuzi amekufa Alhamisi, siku mbili kabla ya karamu ya ndoa, kwa sababu nimeuza nyama.

Papa alitandaza ngozi barazani, akapiga magoti kwa shida, akaingiza kidole gumba katika tundu la shingo, kisha katika tundu la pili. Nilikuwa namwangalia mgongo. Kama angesimama na kunishukuru kwa adabu tu, ningekuwa nimekwisha kuwa mwizi, na mbuzi wangepewa mtu mwingine.

"Ulikunywa mayi?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado, papa."

"Mutolee mayi," alimwambia binti yake. Binti hakusogea. "Mi nimesema, umutolee muntu mayi anywe."

Nilikunywa bilauri nzima nikiwa nimesimama. Kisha yeye na mimi tukaiosha ile ngozi, tukaipaka chumvi, kama inavyofanywa.

Kumbe kwa sheria ya hapa tulikuwa tumeharibu. Binti alipiga simu, akaja kijana mmoja mpole wa ofisi ya wanyama pori, mwenye glavu na vijiti vya pamba. Mate ya mnyama aliyeuma hubaki kwenye jeraha, alieleza, nayo hupimwa. "Mlikata pale pale nilipopahitaji," alisema, "halafu mkapaosha." Hakuweza kusema ni mbwa mwitu, wala hakuweza kusema si yeye. Sikumlaumu. Wala sijilaumu mimi. Ngozi ile ilikuwa na mtu wa kuonyeshwa, na alionyeshwa.

Lakini kanisani habari ilifika kabla ya misa ya Ijumaa. Wakaanza kuniita maman loup. Mmoja aliuliza kama nyama ya loup inaiva haraka. Jioni, nikiwa kwao, binti alimkalia papa kooni. "Tuuzishe hizi mbuzi. Banatucheka. Na yaya ataenda tu, unamujua. Ni muntu wa kuenda."

Hilo lilinichoma kuliko yale ya wizi, kwa sababu lilikuwa kweli. Nimehama miji kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Papa alinigeukia. "Weye unasema nini?"

"Siendi," nilisema. "Na sitamuombea loup afe. Kama hakuna mwenye kukula mbuzi, mbuzi anahitaji mimi ya nini? Alors, waya peke yake itatosha. Ule ni adui yangu. Sitaki muntu aniulie yeye, na sitaki muntu anifundishe kumupenda."

"Wazimu," alisema binti.

"Pengine," alisema papa. "Lakini mbuzi zangu zitabaki na uyu wazimu." Akaiburuta ile ngozi, ambayo ilikuwa haijakauka sawasawa, akaitandika mbele ya kiti chake sebuleni, mahali ambapo kila mgeni wa kanisa angelazimika kuikanyaga.

Tuliweka wavu wa umeme Jumamosi, wakati wenzetu wako kwenye ndoa. Papa alikaa kwenye ndoo akitoa amri. Binti alikuja pia, amenuna, na viatu vyake vya ndoa. Alishika nguzo nami nikapigilia. Mbuzi walitutazama bila kujua nani wa kumfuata.

Binti alikuwa anauangalia msitu. "Na kama anarudia?"

"Akirudia, atanikuta," nilisema, nikamwomba ashike nguzo inayofuata.