Kondoo Ambaye Babu Hakumpeleka

Sina haja ya kujitetea, maana waliokuwepo wapo na mpiga video hakuzima kamera hata dakika moja (kazi yake anaijua), kwa hiyo bora niseme mwenyewe: siku wakwe walipoleta mahari ya binti yangu Upendo, mimi baba yake ndiye niliyeiharibu, kwa mdomo wangu, nikiwa nimevaa suti, na hakuna aliyenituma.

Mimi ni karani. Nakaa chumba cha nyuma cha mahakama moja hapa Arusha mjini, chumba chenye dirisha lisilofunguka, na kwa muda sasa nimepewa kazi ya kupanga madaftari ya mabaraza ya zamani, yale ambamo wazee wa mlimani walishitakiana kabla baba zetu hawajaoa. Ni kazi ya kuchosha, unavuta vumbi mpaka kifua kinauma, wino umepauka na panya wamekula pembe za karatasi. Lakini sitadanganya, nilikuwa nimeyapenda yale madaftari. Humo kuna mwanamke aliyerudi kwao kwa sababu mume wake haongei, kuna mbuzi aliyekula maharage ya jirani akaletwa barazani mwenyewe awe kielelezo, kuna ndugu wawili waliogombea mgomba mmoja misimu miwili mizima. Watu ambao makaburi yao tunayapalilia kwa heshima, humo wanatukanana.

Wiki mbili kabla ya mahari nikakuta humo jina la babu yangu mzaa baba. Mlalamikaji alikuwa mzee wa ng'ambo ya mfereji, na nilipouliza nyumbani nikaambiwa huyo ni babu wa baba yake Elibariki, na Elibariki ndiye kijana anayemchumbia Upendo. Kesi yenyewe ilikuwa ya zamu ya maji. Babu alifungulia mfereji siku isiyo yake, mwenzake akamfuata kumuuliza, babu akampiga mkononi kwa mpini wa jembe. Baraza likaamua babu apeleke kondoo dume, achinjwe, wazee wa pande zote mbili wale pamoja, yaishe. Nikacheka peke yangu mle ndani, nikatoa simu nikapiga picha ule ukurasa (siruhusiwi, najua), nikasema moyoni hotuba ya kukaribisha wakwe nimeipata, kwamba familia zetu zinajuana tangu zamani, zimegombana zikapatana, na leo zinaoana. Nilijiona nina akili sana.

Siku ikafika. Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya Maji ya Chai, turubai limefungwa, loshoro ya mahindi na maziwa mgando ipo, pilau ipo, wakwe wameketi, na Upendo yuko chumbani amepambwa anasubiri aitwe. Mke wangu alinivuta koti.

"Baba Upendo, wakaribishe tu chakula. Watu wana njaa."

"Dakika mbili," nikamwambia.

Nikashika kipaza sauti, nikafungua simu, nikasoma. Nilipofika kwenye mpini wa jembe watu walicheka, na kile kicheko kikanilewesha, maana kazini kwangu hakuna mtu wa kucheka, kuna mimi na panya, basi badala ya kuishia pale kwenye hukumu nikaendelea mpaka pembeni mwa ukurasa, ambako karani wa enzi hizo aliandika maneno mawili kwa wino mwingine. Nikayasoma kwa sauti ileile ya kuchekesha: "Kondoo bado." Halafu nikanyamaza ili wacheke.

Hakuna aliyecheka. Bibi yake Elibariki mzaa baba, mwanamke mwenye umbo dogo ambaye tangu afike alikuwa hajasema zaidi ya marahaba, aliinua mkono.

"Soma tena hapo mwisho."

Nikasoma tena.

"Bado maana yake hakuletwa?"

"Bibi, pengine aliletwa baadaye, karani akasahau kuandika."

"Si na wewe ni karani? Huwa mnasahau?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ndiyo, tunasahau kila siku. Mimi nikaona kazi yangu inadharauliwa mbele za watu, nikajibu kwenye kipaza sauti kwamba sisi tunaandika kila kitu.

Yule bibi akatikisa kichwa taratibu. Akasema yeye alipoolewa ng'ambo ya mfereji alimkuta baba mkwe wake mkono wa kulia haukunjuki, haushiki hata kijiko, na kila aliyeuliza aliambiwa na mzee mwenyewe kwamba alianguka mferejini. "Nimemlisha mimi, mpaka amekufa," akasema. "Hakuwahi kumtaja mtu. Leo ndiyo nasikia, na nasikia kwenye kicheko."

Nilitamani ardhi inimeze. Wakwe wakaanza kuteta kwa Kimeru, kisha mshenga wao akanijia akiwa ameshika kofia mkononi. "Baba Upendo, hawawezi kula hapa. Kondoo wa mapatano hajaliwa. Bibi anasema aletwe leo, la sivyo wanaondoka na vitu vyao, na mambo ya kijana na binti yasimame kwanza." Nikauliza kama tunaweza kutoa kitu kingine badala yake. Akavaa kofia yake, akanionyesha geti.

Nikatoka na mdogo wangu Zakayo kwenye pikapu yake. Kondoo wa kwanza tulimpata haraka, tukarudi naye tukijipongeza, bibi akamtazama mara moja akasema huyu ana sikio nusu, akarudi kukaa. Tukatoka tena. Boma la pili wana majike tu, la tatu mwenyewe amekwenda mazishini, na kila tulipopita watu walishatangulia kupata habari, wananipungia mkono kwa huruma. Mwishowe mzee wa kanisa mmoja alikuwa na dume safi mweupe aliyempata kwenye mnada wa mavuno kanisani, ila hakumtoa mpaka nimemweleza mkasa wote, halafu akamwita mke wake nimweleze na yeye. Nikampakia kondoo, nikakaa naye nyuma nimemkumbatia asiruke, na kabla hatujafika barabara kubwa akanikojolea suruali yote.

Mshereheshaji, kijana wa mjini asiyejua lolote, aliponiona naingia getini na kamba mkononi akatangaza, "Sasa tusimame tumpokee baba mzazi, pamoja na kondoo wake." Watu walisimama kweli. Nikapita katikati ya viti, suti imelowa, kondoo ananivuta kuelekea kwenye maua ya meza kuu, nikafika mbele ya bibi nikapiga magoti nikaomba msamaha kwa niaba ya babu, kwa Kimeru changu kibovu cha mtu aliyekaa mjini sana. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema wa nyuma pia hawajasikia.

Kondoo alichinjwa, nyama ikachomwa, wazee wa pande zote wakala kipande kipande. Bibi alipomeza chake akanishika mkono. "Yameisha," akasema. "Babu yako alikuwa mkaidi. Wewe unaongea sana." Upendo akaitwa jua likiwa limeshuka, wanja umechuruzika, pilau limepoa limeshikana, na mahari ikapokelewa haraka haraka na watu waliochoka.

Wageni walipoondoka Upendo akanikuta uani nasugua suruali.

"Baba, nimekaa chumbani masaa matatu. Spika ilikuwa dirishani, nimesikia kila kitu. Nilikuwa namwomba Mungu wasiondoke."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Ila kwenye harusi, nasaha atatoa baba mdogo."

Sikubishana naye. Tangu siku ile simu yangu inabaki kwenye droo ninapofungua madaftari, na ya mle ndani nayaacha mle ndani, hata yawe matamu namna gani, kwa sababu nimejua kwamba ninayemcheka mimi kuna mtu alimlisha kwa kijiko.

Harusi ilifika. Hotuba ya harusi ya Upendo nilianza kuitunga akiwa darasa la kwanza, lakini siku hiyo alisimama Zakayo, ambaye maishani hajawahi kusema maneno kumi mfululizo. Akasema pendaneni, vumilianeni, karibuni chakula, akakaa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Upendo akageuka kule mbele kunitafuta kwa macho, akaniona nimekaa kimya kwenye kiti changu, akatabasamu kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu siku ya mahari.