Sanduku la Chicago

Siku ya kwanza kazini Bwana Shee alinipa ndoo ya maji ya mvua na kitambaa laini, akanikataza kugusa bomba. Nikauliza kwa nini. Maji ya bomba hapa kisiwani Amu hutoka visimani na yana chumvi, akasema. Yakikauka ndani ya mifereji ya santuri, ile mistari myembamba ambamo sindano hupita, sauti huharibika. Sikuamini. Nilichukua santuri mbovu, nikaiosha kwa maji ya bomba, nikaipiga. Ikachachatika kama sambusa mafutani. Kuanzia hapo niliipenda kazi.

Bwana Shee alikuwa baharia, na katika kila bandari ya Ulaya alinunua santuri za house, muziki wa dansi wa mashine: wa Kiitaliano wenye piano, wa Kibelgiji wenye mdundo mzito. Santuri hizo, pamoja na sanduku moja la za Kimarekani, zilijaza chumba kizima cha nyumba yake ya wageni. Mimi, na digrii yangu isiyo na ajira, nikawa mtunzaji wake. Adhana ikikaribia tulizima mashine za kupigia santuri. Baada ya sala tukaendelea.

Kisha Bi Rukia, msimamizi wa nyumba, akataka chumba kwa ajili ya wageni. Kwa santuri lingebaki kabati moja tu.

"Sanduku la Wamarekani litolewe," Bwana Shee akaamua kwa Kiamu chake. "House ni ya nti za Ulaya."

"Nani kasema?"

"Mimi niliyekuwako."

"Ulikuwako ilipofika Ulaya, Bwana Shee. Ilipozaliwa je?"

Bi Rukia akacheka. "Huyu atamdai hata malaika kitambulisho."

Nikamweleza Bwana Shee kwamba vijana weusi wa Chicago ndio walioianzisha, kwa mashine za ngoma na disko ambayo wengine walishaichoka. Hakusadiki. Punda wa kubeba taka angekuja asubuhi kulichukua lile sanduku.

Nikawasha mashine mbili. Huku Italia, huku Chicago. Nikasukuma santuri kwa kidole mpaka midundo ikaenda sawa, nikapunguza sauti ya moja polepole.

"Mtaliano huyu hodari," akasema Bwana Shee, mguu ukigonga sakafu.

"Mtaliano nilimtoa zamani. Huyo ni wa Chicago."

Mguu ukasimama. Halafu ukaanza tena.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Tulipomaliza alifungua kabati, akatoa safu nzima ya Wabelgiji wake, akaliingiza sanduku mahali pao. "Hawa nenda nao wewe."

Wiki hiyo chumba kikapata vitanda, nami nikastaafu kabla ya kufika miaka thelathini. Wabelgiji wako kwangu, mtaa wa Wiyoni, wamefunikwa vizuri. Sina mashine ya kuwapigia, lakini najua waliyajifunza wapi hayo wanayoyapiga.