Mukhisa na Kisima cha Myanga

Nilimwona Mukhisa mara ya kwanza Kitale, nyuma ya kinu cha mahindi. Kichwa chake tu kilikuwa juu ya ardhi, mwili wote shimoni, naye alikuwa akimkemea mtu aliyemshikia kamba. "Ati unaangalia simu na mimi niko huku chini? Nenda kwenu, bana!" Yule mtu akaenda kweli. Mukhisa akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama tu. "Na wewe, hauongei?" Nikatikisa kichwa. "Vizuri. Shika kamba."

Niliishika miaka tisa.

Kwetu Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina analonyamazia ndilo lake. Mukhisa alinyamazia la babu yake, mchimba visima aliyefukiwa na udongo Myanga akiwa na miaka arobaini na minne. Mama yake, Nekesa, alimkataza visima tangu utotoni. Akachimba.

Mwaka jana, naye akiwa na arobaini na minne, tuliitwa Myanga. Siku ya tatu, futi thelathini chini, udongo ukageuka mchanga wenye maji. Mwenye boma akaahidi mbao za kuzuia kuta, zije Jumatatu.

Kila asubuhi tulishusha mshumaa ndani ya ndoo. Ukizimika, chini hakuna hewa, hatushuki. Siku ya nne niliuvuta juu, nikaupuliza kwa siri.

"Umezimika," nikasema.

Mukhisa akainamia ndoo. Moshi ulikuwa bado unapanda. "Levi, umeupuliza wewe. Unaogopa jina langu?"

"Naogopa ule mchanga. Na jina pia. Si tungoje mbao?"

Akaketi ukingoni. "Hata mimi naogopa," akasema. "Lakini si babu. Naogopa kwa sababu hakuna anayenisukuma. Naweza kuondoka sasa hivi niende Chwele nikauze vitunguu. Ukizima mshumaa, unanichagulia."

Akauwasha tena, akaushusha mwenyewe. Ukawaka mpaka chini. Akajifunga kamba.

Kuta zilianguka kabla ya saa sita. Nilivuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Tulimfikia jioni.

Matangani kila mtu alisema ni jina. Mama Nekesa alinishika mkono mbele ya watu: "Si wewe, mwanangu. Jina lilimwita." Nilitamani sana kuitikia. Nilinyamaza, wakadhani ni aibu yangu ya kawaida.

Kumbe asubuhi ile Mukhisa alipokuwa ameshaingia hadi mabega, kichwa tu juu kama siku ile ya Kitale, alikuwa amenitazama akasema, "Levi, nikibaki huku watakuambia ati ni babu. Usikubali. Anayeshuka ni mimi, anayeshika kamba ni wewe. Hakuna mtu mwingine hapa."